Alama Kwenye Meno ya Ndugu Wawili

Mjomba wangu alikuwa fundi wa meno ya bandia, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyatia alama. Kazi hiyo niliipata kwa sababu macho yake yalianza kuingia ukungu, na kwa sababu mwandiko wangu, ingawa ni wa polepole, ni mzuri. Shuleni niliishia darasa la nane. Mwalimu alikuwa akinichapa kwa uzito wa mkono, maana wenzangu walikuwa wakimaliza imla na kufunga madaftari mimi bado niko mstari wa nne. Kisha alikuwa akilinyanyua daftari langu juu na kuwaonyesha wote jinsi herufi zilivyokaa. Sijui kipi kilinitia haya zaidi, fimbo au sifa.

Tulikaa Malindi, karakana chini na sisi juu. Daktari aliyemfundisha mjomba aliondoka kisiwani mwaka wa Mapinduzi. Hakuaga. Asubuhi moja tu tulikuta kiti chake cha kulazia wagonjwa kimewekwa barazani kwetu, na sanduku la vifaa juu yake. Mjomba akaviingiza ndani, na tangu hapo watu wakawa wanakuja kwetu.

Zamani meno yetu hayakuwa na alama. Jambo hilo lilianzia katika nyumba moja ya kutunzia wazee, ambako mwanamke aliyekuwa akiwahudumia aliyakusanya meno ya chumba kizima akayaosha ndani ya karai moja. Alipomaliza hakujua yapi ya nani. Mjomba akaitwa kwenda kuamua. Alirudi anacheka mpaka machozi, kisha akakaa chini akafuta macho.

"Mzee mmoja kang'ang'ania meno si yake," alisema. "Nimemwambia, baba, hayo yanakuumiza. Kanijibu, yaache yaniumize, yangu kishaondoka nayo mtu."

Wiki ile ile tukaanza kutia alama.

Tulidhani kila mtu ataandikwa jina lake, basi, imekwisha. Haikuwa hivyo. Mtu wa mwanzo kabisa jina lake lilikuwa na jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, kama yalivyo majina ya wanaume wengi wa kwetu, na mimi nikamwandikia kwa herufi za Kiarabu, kwa madaha yote niliyofundishwa chuo cha Kurani. Siku ya pili alirudi. Meno ameyafunga ndani ya leso safi, ameyashika kwa mikono miwili kama aliyebeba msahafu.

"Binti," akaniambia, "unataka niingie chooni na jina la Mola mdomoni?"

Kweli, pete yenye jina hilo mtu huivua kabla ya kuingia. Lakini meno atayavua mara ngapi kwa siku, tena mzee mwenye tumbo bovu? Mjomba aliona haya kuliko mimi. Aliyasaga yale maandishi polepole, akaukinga unga wake kwenye karatasi, akaenda kuumwaga baharini mahali ambapo maji ni safi.

Baada ya hapo nikawa nawauliza kwanza, au mjomba anawauliza nami nasikiliza nyuma ya pazia. Wanawake hawakutaka majina yao yasomwe na watu. Bibi mmoja wa Kidichi alitaka karafuu, nikamchorea karafuu na kikonyo chake. Mwalimu mstaafu alitaka herufi mbili za mwanzo, na akataka nimwonyeshe kabla, akanisahihisha. Wengine walitaka alama iwe upande wa ulimi ili waiguse na kuijua, wengine walisema ulimi hautatulia. Namba waliikataa wote. "Namba ya nini? Mie mfungwa?" Na wapo waliosema hawataki chochote. Nnamkumbuka mtu mmoja wa makamo, amevaa suruali nzuri iliyochakaa magotini, alimwambia mjomba kwa sauti ya chini, "Siku nikiokotwa, bora niwe sijulikani. Wanangu watasalimika." Mjomba hakumwuliza kitu. Miaka ile mtu akikwambia neno kama hilo unalipokea kama sufuria ya moto, unalitua chini haraka.

Alama yenyewe kwa kawaida tukiitia upande unaogusa kaakaa. Nilikuwa nikichora kwanza kwenye karatasi, kisha nikikwaruza kwa sindano ya chuma na kujaza wino mweusi. Mjomba hufunika kwa plastiki isiyo na rangi, nyembamba kama ukucha, nayo hukauka upesi. Ikishakauka hapana chumvi wala mchanga wala mkaa utakaoifuta. Mjomba alijivunia sana jambo hilo. "Alama yetu," alikuwa akisema, "haitoki mpaka meno yenyewe yavunjike."

Ndugu mkubwa alikuja mwanzo. Alikuwa mvuvi wa Uroa, mtu wa miaka arubaini na kitu, mpana wa mabega, asiyekuwa na maneno. Meno yake ya juu yalikuwa yamekwisha yote. Alipoulizwa alama anayoitaka aliinama juu ya meza yetu, iliyokuwa na vumbi la plasta, akachora kwa kidole mistari mitatu: miwili imesimama, mmoja umelala juu yake. Mlango.

"Hii ya baba," alisema. "Tunaikata kwenye vyelezo vya madema, mitego yetu ya samaki. Dema likichukuliwa na maji, atakayeliona anajua la nani, anamrudishia."

"Na meno je?" mjomba akamwuliza. "Meno hayachukuliwi na maji."

Yule mtu aliutazama mlango wake wa vumbini. "Nna mke," akasema, "hakujaaliwa mtoto. Nikipotea bila ya kujulikana atakaa maisha yake yote si mjane si mke. Sitaki." Akafuta vumbi kwenye kidole chake, akaondoka. Nilimtia alama yake, na ile karatasi niliyoichorea nikaihifadhi ndani ya daftari letu la wagonjwa.

Miezi sita baadaye akaja mdogo wake. Kama si sauti ningesema ni yule yule karudi: kimo kimoja, mabega mamoja, hata mdomo ulivyodidimia kwa kukosa meno ya juu. Lakini huyu alianza kusema kabla hajavua viatu.

"Hodi humu! Nimekuja kununua kicheko!"

"Karibu," mjomba akamjibu. "Kaa hapo. Fungua kinywa, na ukishakifungua usiseme."

"Hilo la pili, fundi, haliwezekani. Mke wangu kajaribu kashindwa."

Siku ya kutiwa alama hakukubali kukaa kwenye kiti. Alitaka amwone anayeandika. Alilivuta pazia, akaniona mimi nimeinama na sindano mkononi, ushungi umenishuka mpaka kwenye nyusi.

"Lo! Kumbe mwandishi mwenyewe mwari! Shikamoo, mwandishi."

Nilizidi kuinama juu ya meno.

"Hajibu! Fundi, umemkata ulimi? Sema marahaba basi, mwanangu, nipate baraka."

Mjomba alikuwa anacheka. Yule mtu akaja akasimama nyuma ya bega langu, kivuli chake kimeangukia mikono yangu. "Sikiliza," akasema. "Nataka mlango wa baba kama wa kaka. Lakini chini unitilie mkato mmoja, kizingiti. Kwetu ndivyo mila ilivyo, mkubwa anairithi alama kama ilivyo, mdogo anaongeza mkato wake. Usiusahau, nsije nikafa miye akaliliwa kaka!" Akacheka mwenyewe, kicheko kikubwa cha ufizi mtupu.

Nilimsikia vizuri. Nalisema hili kwa sababu watu hupenda kusema hawakusikia. Nilisikia, nikaelewa. Niliitoa karatasi ya kaka yake nikaiweka mbele yangu nikakwaruza mistari mitatu, na niliposhusha sindano kuukata wa nne akaanza tena: nimeposwa? Nani ananiposa? Kwa nini mkono unatetemeka, naandika meno yake au talaka? Mkono ulikuwa unatetemeka kweli, na nilijua nikikwaruza wakati ule sindano itateleza. Nikasubiri asogee. Hakusogea. Mjomba naye alikuwa ameshaichanganya ile plastiki, inaanza kuwa nzito.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nshamaliza," nikasema.

Nilisema vile ili mtu yule aondoke nyuma ya bega langu. Mjomba akanyosha mkono, akayachukua meno, akayafunika. Macho yake hayakuona kitu. Mimi nikafungua daftari nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: mlango na kizingiti.

Aliporudi kuyachukua nilikuwa nimejificha juu. Nilimsikia chini anayajaribu, anataja majina ya vyakula vigumu kimoja kimoja. Nilijiambia kuwa si kitu. Ndugu wawili, nyumba mbili, hakuna karai moja litakalowachanganya.

Mwaka uliofuata walitoka pamoja kwenda kutega, au ndivyo walivyowaambia wake zao. Ngalawa haikurudi. Uroa hawakuuliza sana, kwa sababu mwezi ule walikuwapo wengine vijiji vingine ambao nao hawakurudi, na ilinong'onwa kuwa wamevuka kwenda Mombasa. Kuondoka bila ruhusa lilikuwa kosa kubwa, na aliyelia kwa sauti alitakiwa aeleze anamlilia nani na kwa nini. Wake zao walilia kimya.

Baada ya majuma kadhaa maiti ya mwanamume ililetwa na maji pwani ya kaskazini. Ilikuwa imeharibika, uso haukujulikana. Watu wa kule waliiosha kadiri ilivyowezekana, wakaisalia, wakaizika pale pale. Waliomwosha walimtoa meno yake ya juu, kama inavyofanywa, wakaona alama. Wale ni wavuvi wa madema pia. Wakayafunga kwenye kitambaa wakayatuma kusini, kijiji mpaka kijiji, mpaka yakafika mahali ambapo mlango ule unajulikana.

Waliyaleta kwetu asubuhi. Walikuwa watatu: baba mdogo wa wale ndugu, naye ni mzee mwenye fimbo, na nyuma yake wake wawili wamejifunika. Mke wa mkubwa alikuwa mwanamke mrefu wa umri wa mama yangu. Mke wa mdogo hakunizidi miaka mitano, ana mtoto mchanga ndani ya buibui. Mzee alifungua kitambaa mezani, karibu na kikombe cha kahawa cha mjomba.

"Kazi yako hii, fundi?"

Mjomba akayapeleka karibu na jicho, akayapapasa. "Yangu."

"Kijijini tumeshaisoma. Mlango bila ya kizingiti, kwa hivyo ni mkubwa. Lakini nimesema tusiende mbio, bahari inakula hata chuma. Pengine mkato ulikuwapo ukafutika. Wanawake hawa wawili, mmoja anaingia eda leo, mmoja anakwenda kumngoja mumewe. Sitaki kumdhulumu hata mmoja. Nipe kauli yako."

"Kwa kinywa siwezi kukwambia," mjomba akasema. "Mataya ya ndugu hawa kama yametoka kalibu moja, na kile kielelezo cha plasta hupasuliwa tunapoyatoa meno. Lakini alama! Wallahi, mzee wangu, kama mkato ulikuwapo, upo. Alama yetu haifutiki." Akageuka kwenye pazia. "Mwanangu!"

"Naam."

"Lete daftari. Wasomee."

Nilitoka na daftari. Nikasoma ya mkubwa: mlango. Nikasoma ya mdogo: mlango na kizingiti.

Yule mwanamke mdogo alikaa chini sakafuni na mtoto wake, anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, kisha akakumbuka aliyesimama ubavuni mwake, akaziba mdomo kwa kiganja. Mke wa mkubwa hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Uliandika weye, mwanangu?"

"Naam, bi."

"Una hakika?"

Mimi ambaye nikitumwa dukani narudi bila ya kitu kwa kushindwa kuita, sauti yangu ilitoka safi kabisa. "Nna hakika."

Akaitikia kwa kichwa. Akayakusanya yale meno ndani ya kitambaa chake, na mzee akamwongoza nje, maana tangu dakika ile alikuwa mjane na hakutakiwa kukaa barabarani.

Sikusema kwa sababu ya yule aliyekuwa sakafuni. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Pia kwa sababu ya mjomba na kiapo chake. Lakini ukweli ni kwamba nilishasema nshamaliza, na kila siku iliyopita ilifanya neno lile liwe gumu zaidi kuling'oa.

Nikaanza kupapasa kaakaa langu kwa ulimi. Mistari mitatu, napita juu ya mistari mitatu ambayo haipo, natafuta wa nne. Meno yaliyokuwa rafuni yakingoja wenyewe niliyageuza yakaelekea ukutani, mjomba akayageuza tena, hakujua kwa nini. Adhuhuri, yeye akiwa msikitini na mtaa umenyamaza, nilikuwa nahisi mtu amesimama nyuma ya bega langu, anavuta pumzi kama anayetaka kusema. Nikashindwa hata kumwogopa sawasawa, kwa sababu sikujua ni yupi. Wa kwanza asingesema. Wa pili asingenyamaza. Yule aliyekuwa akinijia alivuta pumzi tu.

Nilizihesabu siku za eda kuliko aliyekuwa ndani ya eda. Mwezi wa tatu ulipopita nilimwambia mjomba nakwenda kumjulia hali rafiki yangu wa shule aliyeolewa shamba, nikapanda gari ya Uroa.

Mke wa mkubwa alikuwa chumba cha ndani, amekaa kwenye mkeka, amevaa kanga kuukuu. Hakuwa na mafuta mwilini wala udi wala wanja. Nilimwamkia, akaitika. Akaniuliza kama nimekula, nikasema nshakula, na sikuwa nimekula. Kisha nikamwambia yote. Nilianza na kivuli kwenye mikono yangu nikamaliza na daftari. Sikuinua uso. Nje kuku walikuwa wanaparuaparua makumbi, nikawa nawasikiliza wao.

"Kwa hivyo hujui," akasema mwisho.

"Sijui, bi."

"Pengine wangu. Pengine si wangu."

"Ndiyo."

Akainua pembe ya mkeka akatoa kitambaa. Yale meno yalikuwa mle. "Miaka yote hakuniachia niyaone," alisema. "Akiyatoa anageukia ukuta. Alikuwa na haya kama weye. Nimeyaona mara ya kwanza pale mezani kwenu. Mke mwingine angeyajua ya mumewe kwa kuyatazama tu, mie nimeyatazama kila siku tangu nikae hapa na sijui." Akayafunga tena. "Mwenzangu umemwambia?"

"Bado. Nikitoka hapa nitakwenda."

"Usende. Ana mtoto ziwani, na mshtuko unaharibu maziwa. Mwache amwachishe kwanza."

"Na weye, bi?"

"Mie nshalia, nshamsomea dua. Kama ni mume wangu, ni haki yake. Kama ni shemeji yangu, nimemlilia shemeji, hapana dhambi. Siku zilizobaki nitazimaliza. Ila kuolewa tena ndiyo basi, maana sijui kama niko huru." Sauti yake haikupanda. Lakini nilipoinuka alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vikali. "Mtoto akishaacha ziwa, uje useme mwenyewe. Mie nitanyamaza, lakini kusema sitakusemea."

Mtoto aliacha ziwa. Nilijua, kwa sababu nilikuwa nawauliza abiria wa Uroa mambo ya huko kama mtu mwenye jamaa. Mtoto akatembea, akaanza chuo. Sikwenda. Nilisikia kuwa mke wa mkubwa ameposwa na mtu mwema mwenye shamba akakataa, na watu wakamsema, anamngoja nani, maiti? Nilisikia kuwa mke wa mdogo ameshauriwa aende kwa kadhi afunguliwe ndoa, angali kijana, akawajibu kwamba mumewe yu hai na alama imesema. Mjomba alifariki, Mungu amrehemu, na kiapo chake kimesimama. Nikabaki mimi na karakana. Nilikuwa naziba nyufa za meno ya watu na kuwatia alama wachache waliozitaka.

Mwaka huu alikuja mwenyewe, yule mke wa mdogo. Alikuja mchana na mwanawe mkononi, mtoto mwenye mabega mapana tayari. Amenenepa kidogo, uso umechoka. Alisema amepata mtu mwenye ruhusa ya kwenda kutibiwa Mombasa, mtu mwaminifu, atauliza bandarini na kwa wavuvi wote wa kule. Anataka apeleke barua. Yeye hakusoma, na mtu wa kwanza aliyemjia akilini ni mimi, kwa vile anajua kuwa naandika.

Nilikaa mezani nikachukua karatasi. Akaanza kunitajia maneno huku mtoto anachezea vumbi la plasta. Kwa mume wangu. Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mwanao anajua kuhesabu mpaka ishirini na anakataa kula dagaa.

"Mbona unaandika polepole hivyo?"

"Ndivyo ninavyoandika."

"Haya. Andika sasa: nnajua uko hai, kwa sababu meno yaliyookotwa yalikuwa ya kaka yako, hayakuwa na kizingiti."

Niliandika mpaka "kwa sababu". Hapo mkono ulikataa. Nilijaribu mara mbili, wino ukafanya doa. Mara moja nilishasema kwa mdomo, mara moja nilishaandika daftarini, na hii ingekuwa ya tatu, tena ingevuka bahari kwenda kumwambia mtu ambaye huenda yuko kaburini kwamba yuko hai. Nikaweka kalamu chini.

"Dada," nikamwambia, "hayakuwa na kizingiti kwa sababu mimi sikukitia."

Hakunielewa. Nikarudia, nikamweleza siku ile yote, vile mumewe alivyosimama, alivyocheka, nilivyosema nshamaliza. Alisimama akaenda mpaka mlangoni. Nilidhani anatoka. Akashika fremu ya mlango kwa muda, kisha akarudi akanipiga kofi, moja, la nguvu. Mtoto akaacha kucheza.

"Miaka yote hii," akasema. "Nnafagia mlango kila alfajiri akija akute pasafi. Miaka yote! Na mwenzangu je, anajua?"

"Anajua. Tangu yuko eda."

"Kila Idi anamletea mwanangu kanzu!" Akacheka, na kile kicheko sitaki kukisikia tena. "Nnasema moyoni, maskini, hana mume wa kumngoja, anajipooza kwa mwanangu. Kumbe yeye ndiye anayenionea huruma." Akakaa. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, akajifuta kwa ushungi wake. Mtoto alikuja akajiegemeza gotini pake. Mimi nilikuwa nimeshika shavu langu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile hapakuwa na mtu nyuma ya bega langu.

Alipotulia akaisogeza karatasi kwangu kwa kidole.

"Hiyo ichane. Chukua nyingine."

Nikachukua nyingine.

"Andika: kwa ndugu yetu uliye hai, yeyote kati yenu. Wake zenu wote wawili wanakusalimu. Mmoja wenu kazikwa kaskazini, kasaliwa, kasomewa. Hatujui ni nani. Ukiwa uko, tuma neno moja tu, useme weye ni mkubwa au mdogo. Usirudi kama kurudi kuna hatari. Neno moja tu." Akafikiri. "Umeandika?"

"Bado nipo kwenye kaskazini."

Akanisubiri. Hakunihimiza tena. Jua lilihama kutoka mezani likaenda sakafuni, mtoto akalala, na mimi nikaandika mpaka neno moja tu. Nikamsomea yote tangu mwanzo. Alisikiliza amefumba macho.

"Sawa," akasema. "Nitampitia mwenzangu kabla ya kuipeleka, kama ana lake la kutia. Lakini haijesha. Chini hapo eleza kwa nini hatujui. Eleza ulivyofanya, usipunguze. Kisha weka jina lako."

"Jina langu, dada?"

"Lako na la baba yako. Mtu asome ajue ni nani."

Niliandika nilivyofanya. Kisha nikaandika jina langu lote, na la baba yangu, herufi baada ya herufi, na yeye amesimama juu yangu akitazama kalamu inavyokwenda, ingawa hakujua kusoma.